Dau la Lucy: kuhusu saa 24 za kusema kweli ndani ya ndoa

SWALI: Mwalimu, mimi na mume wangu tuko katika mwaka wa 7 wa ndoa. Juzi tulitazama sehemu moja ya ile tamthilia ya kale ya Kimarekani, I Love Lucy, ambamo Lucy anawekewa dau kwamba hawezi kumaliza saa 24 bila kusema uongo. Tulicheka mpaka machozi. Tulipozima televisheni mume wangu akasema, "Na wewe tutakuwekea dau Jumamosi, dada zangu wakija." Nilicheka naye, lakini usiku usingizi haukuja. Mapazia ya sebuleni, ambayo nilimwambia ni ya shilingi 85,000, niliyanunua kwa shilingi 140,000 kutoka kwenye pesa zangu za upatu. Sikumwibia mtu. Niliipunguza bei kwa sababu yeye huuliza bei kabla hajakitazama kitu chenyewe. Shangazi yangu ananiambia nitulie, kwa maana dini imeruhusu uongo kati ya mke na mume. Naomba unieleze waliotunga sehemu ile walikuwa wanasema nini juu ya uongo wa wanandoa, na kama nilikubali hilo dau au nilikatae.

JIBU: Dada yangu, nitaanza na tamthilia yenyewe, kwa kuwa naamini jibu la Jumamosi yako limo mle ndani, mahali ambapo kicheko hutupitisha upesi bila kusimama.

Sehemu mliyoitazama ilirushwa na shirika la televisheni la CBS siku ya Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1953, katika msimu wa 3. Iliandikwa na Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr., watatu walewale waliokuwa wakiibeba tamthilia hiyo tangu ilipoanza tarehe 15 Oktoba 1951, na mwongozaji wake alikuwa William Asher. Kama sehemu nyingine zote, ilipigwa kwenye filamu kwa kamera 3 kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini huko Hollywood, na aliyesimamia mwanga na kamera katika miaka ile alikuwa Karl Freund, bingwa aliyekuwa amekwisha kujijengea jina katika filamu za kimya za Ujerumani. Nayataja haya kwa sababu moja. Waigizaji walisubiri kicheko cha ukumbini, wakakipisha, wakaendelea, na kwa hiyo unapoitazama tena unaweza kusikia watu wa mwaka 1953 walicheka wapi na kwa nguvu kiasi gani. Mimi huwashauri wanafunzi wangu wafumbe macho mara moja na kusikiliza tu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Lucy Ricardo ni mke wa Ricky, kiongozi wa bendi katika ukumbi wa starehe wa New York. Ana tabia ya kupindisha mambo: huongeza hapa, hupunguza pale, hutunga udhuru. Ricky, pamoja na majirani zao Fred na Ethel Mertz, ambao pia ndio wenye nyumba, wanamwekea dau la dola 100 kwamba hataweza kusema kweli tupu kwa saa 24. Lucy anakubali. Tangu hapo kila anayekutana naye ni mtihani.

Tuketi kidogo kwenye meza ya karata, maana ndipo moyo wa sehemu hiyo ulipo. Lucy amekwenda kucheza bridge nyumbani kwa rafiki yake Caroline Appleby, na wanawake wengine waliopo ni Ethel na Marion Strong. Caroline ana samani mpya za mtindo wa Kichina, naye anangoja kusifiwa, kama angojavyo mtu yeyote aliyetoa pesa nyingi kwa kitu asichokuwa na hakika nacho. Lucy anajaribu kukwepa. Anatafuta maneno ambayo si uongo na wala si kweli, na uso wa Lucille Ball katika dakika hizo ni somo zima la uigizaji: mdomo umekwisha kufunguka, sauti haijatoka, macho yanazunguka kutafuta mlango. Kisha anabanwa kwa maswali yanayomhusu yeye mwenyewe. Ana umri gani? 33. Ana uzito gani? Ratili 129. Na rangi halisi ya nywele zake? Kahawia iliyofifia, rangi ya panya. Kila jibu linamtoka kama jino linavyong'olewa.

Na hapo panatokea jambo ambalo wengi hulicheka bila kulitafakari. Baada ya kuvuliwa siri zake zote, Lucy anagundua kwamba kweli ina makali ya pande mbili. Sasa anaambia watu. Samani za Caroline, anasema, zinafanana na ndoto mbaya inayomjia mtu aliyekula chakula cha Kichina kupita kiasi. Marion, ambaye kicheko chake ni kama cha kuku, anaambiwa kwamba Lucy amekuwa akisubiri kwa miaka 10 alitage hilo yai. Ukumbi unaangua kicheko. Lakini mtazame mwanamke aliyekaa mezani akiambiwa hivyo mbele ya wenzake. Lucy bado hajavunja sharti la dau hata kidogo. Kila neno ni kweli yake, na kila neno linamjeruhi mtu ambaye hakuhusika na dau.

Hilo ndilo la kwanza ninaloliona mle. Waandishi hawakusema kwamba kweli ni mbaya, wala hawakuutetea uongo. Walionyesha kweli inapotolewa nje ya mapenzi na kuwekwa ndani ya mashindano inageuka kuwa kitu gani. Kule mezani hakuna aliyeuliza kwa kutaka kujua. Waliouliza walitaka Lucy ashindwe, na aliyejibu alitaka awashinde. Saa 24 zingepita namna hiyo bila uongo hata mmoja kusemwa, na bila uaminifu wowote kuongezeka nyumbani kwao.

La pili ni zito zaidi, na ndilo ninalotaka ulishike kwa sababu linakuhusu moja kwa moja. Dau lile lilimfunga mtu mmoja tu. Ricky hakuwa ndani yake. Hakuna aliyemuuliza Ricky chochote kwa saa zile 24, wala Fred, mtu ambaye ubahili wake ni kichekesho cha kudumu katika tamthilia nzima. Wenye kuhoji walikaa upande mmoja, na mwenye kuhojiwa alikaa peke yake upande wa pili. Wala si kwamba Ricky ni msema kweli wa kupigiwa mfano. Katika sehemu iliyoonyeshwa mwaka 1955 anaisahau tarehe ya ndoa yao, na badala ya kukiri anatunga kwamba amemwandalia mkewe karamu ya siri, kisha inambidi akaitayarishe kweli karamu hiyo ili uongo wake usimame. Huo ni uongo mkubwa na wa gharama kuliko mapazia yako, lakini hadithi inaupokea kama mahangaiko ya mume aliyebanwa, si kama tabia inayohitaji kutibiwa kwa dau.

Wazo la dau la namna hii halikuanzia kwao. Mwaka 1916 jukwaa la Broadway, eneo la kumbi za maigizo huko New York, lilikuwa na mchezo wa James Montgomery, ambamo kijana muuza hisa anaweka dola 10,000 akidai kwamba anaweza kukaa saa 24 bila kusema uongo. Angalia kilichobadilika kati ya 1916 na 1953. Kijana yule aliliweka dau mwenyewe, kwa hiari yake, na kweli yake ilikuwa hatari kwa sababu kazi ya kuuza hisa ilikuwa imejaa maneno ya kupamba. Katika televisheni dau likahamishwa kutoka ofisini kwenda sebuleni, likatolewa mikononi mwa mwanamume mfanyabiashara likawekwa shingoni mwa mke wa nyumbani, na kiasi kikashuka hadi dola 100. Uongo wa soko ukawa uongo wa mke.

Kwa nini Lucy hudanganya sana? Mtu akikujibu kwamba ndivyo alivyo, mwambie aitazame tena tamthilia kuanzia mwanzo. Lucy hana kipato. Matumizi ya nyumba hupewa na mumewe kwa hesabu, na kila kitu anachokitaka, iwe gauni, kofia au nafasi ya kupanda jukwaani, ni lazima kipite kwenye ruhusa. Ile sehemu mashuhuri ya kiwanda cha chokoleti, ya tarehe 15 Septemba 1952, inaanza na ugomvi wa hundi aliyoiandika Lucy ilhali fedha hazitoshi benki. Nyuma ya hundi hiyo alikuwa amemwandikia karani ujumbe mfupi wa kumbembeleza asiipitishe mpaka mwezi ujao. Watu hucheka, na ni haki wacheke, lakini mimi kila nikiiona hundi ile namwona mtu mzima anayemwandikia karani wa benki kwa sababu hawezi kumwambia mumewe.

Nchi yenyewe ilikuwa imejengwa hivyo. Marekani ya wakati ule, benki na maduka ya mkopo yaliweza kumdai mwanamke aliyeolewa sahihi ya mumewe kabla ya kumfungulia akaunti ya mkopo, na sheria ya shirikisho ya kukataza ubaguzi huo ilipitishwa mwaka 1974, yaani miaka 21 baada ya sehemu mliyoitazama. Uongo mdogo wa bei ulikuwa ni njia ya uchochoroni kwa mtu aliyefungiwa barabara kuu. Sisemi haya ili kuufanya kuwa halali. Nasema kwamba atakayetaka kuuondoa, na akaishia kumkemea aliyepita uchochoroni bila kuigusa ile barabara iliyofungwa, atakuwa amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi kwake.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wa siku hizi hawalioni, na bila hilo ile meza ya karata haijakamilika. Lucille Ball na Desi Arnaz, waliocheza kama Lucy na Ricky, walikuwa mke na mume kweli. Walioana tarehe 30 Novemba 1940. Ball alizaliwa mwaka 1911 na Arnaz mwaka 1917, na kwa kuwa siku zile ilionekana ni aibu mke kumzidi mume umri, waliugawana huo umri katikati: mke akasogeza mbele miaka yake 3, mume akarudisha nyuma miaka yake 3, wote wawili wakawa wanataja 1914. Kwa hiyo miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovijenga pamoja ni uongo mdogo wa wanandoa. Lucy wa hadithi anapokiri kwamba ana miaka 33, mwanamke anayetamka maneno hayo ana miaka 42.

Nywele nazo zina kisa chake. Kwa asili zilikuwa za kahawia, zikatiwa wekundu mapema katika miaka ya 1940 alipokuwa na kampuni ya filamu ya MGM, na tangu hapo rangi hiyo ikawa ndiyo jina lake, hata kwa watu waliomtazama kwenye televisheni isiyoonyesha rangi. Majuma machache kabla ya dau la Lucy kurushwa, rangi hiyo iliingia katika jambo la hatari, kwa kuwa nyekundu ni rangi ya wakomunisti pia. Tarehe 4 Septemba 1953 Ball alihojiwa na mchunguzi wa kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, kwa sababu mwaka 1936 alikuwa amejiandikisha kupiga kura kwa chama cha kikomunisti. Alieleza kwamba alifanya hivyo kumridhisha babu yake, Fred Hunt, aliyemlea. Siku 2 baadaye habari ikavujishwa redioni na Walter Winchell, mtangazaji mashuhuri wa habari za udaku, na kwa wakati ule habari kama hiyo ilitosha kumfutia mtu riziki yake. Jioni ya tarehe 11 Septemba, kabla ya kurekodi, Arnaz alisimama mbele ya watazamaji ukumbini akawaambia kwamba kitu chekundu pekee alichonacho Lucy ni nywele, na hata hizo si zake za halali. Watu walishangilia. Tamthilia ikaendelea.

Sidai kwamba waandishi waliitunga ile meza ya karata kwa sababu ya mkasa huo. Lakini waliotazama tarehe 9 Novemba walikuwa wamekwisha kusikia juu ya mwanamke huyuhuyu kukalishwa kitini na kudaiwa kweli ya maisha yake na watu wenye nguvu kuliko yeye, na kumsikia sasa akikiri rangi ya nywele zake, huku watu wakicheka pamoja naye, kulikuwa na uzito ambao sisi hatuwezi kuupata wote. Pia inafaa kukumbuka kwamba mtu anayehojiwa kwa nguvu hutoa majibu, na majibu hayo yanaweza kuwa kweli tupu, lakini mwenye kuhoji hawezi kusema kwamba ameaminiwa.

Televisheni yenyewe ilikuwa na uongo wake mdogo mdogo juu ya ndoa. Lucy na Ricky walilala kwenye vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Lucille Ball alipopata mimba na waandishi wakaamua Lucy naye apate, neno la Kiingereza la ujauzito halikuruhusiwa kutamkwa, na miswada ilipelekwa kwa padri, mchungaji na rabi wahakikishe kwamba hakuna lisilofaa. Tarehe 19 Januari 1953 mtoto wa Lucy alizaliwa kwenye televisheni mbele ya watazamaji wapatao milioni 44, siku ileile Ball alipojifungua kwa upasuaji. Taifa zima lilimshangilia mtoto ambaye, kwa kanuni za televisheni yake, lilikatazwa kusikia neno la mimba yake. Ndiyo hali waliyofanyia kazi waandishi hawa, na mimi nawaheshimu kwa kuwa waliweza kupitisha mambo ya kweli kiasi kile katika mlango mwembamba namna hiyo.

Ndoa ya Ball na Arnaz ilivunjika mwaka 1960. Iliwahi kuyumba mapema, mwaka 1944, Ball alipofungua shauri la talaka kisha wakarudiana. Haikuvunjwa na miaka 3 ya umri waliyoipunguza na kuiongeza, kwa sababu uongo ule waliusema pamoja, wakiwa upande mmoja, kwa watu wa nje. Pombe na wanawake wengine ndivyo Ball mwenyewe alivyovilalamikia kwa miaka mingi. Nakuomba uitazame tofauti hiyo kwa makini, kwa kuwa swali langu la kwanza juu ya uongo wowote wa wanandoa huwa ni kama wawili hao wako upande mmoja wa uongo huo au kila mmoja yuko upande wake.

Sasa nije kwa shangazi yako, ambaye hakusema jambo la kubuni. Imepokewa kutoka kwa Ummu Kulthum binti Uqba, katika Sahihi ya Muslim, mkusanyo mashuhuri wa hadithi za Mtume, kwamba hakusikia ruhusa katika yale ambayo watu huyaita uongo isipokuwa katika mambo matatu: vita, kupatanisha watu, na mazungumzo ya mume kwa mkewe na ya mke kwa mumewe. Hapo ndipo wengi huishia. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye ufafanuzi wake wa kitabu hicho unasomwa hadi leo, aliifafanua ruhusa hiyo kuwa ni katika kuonyesha mapenzi na kuahidi jambo lisilo la lazima na mfano wa hayo, kisha akasema kwamba kuhadaana ili kuzuia haki iliyo juu ya mmoja wao, au kuchukua kisicho chake, ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu. Mimi ni mwalimu wa tamthilia, si mwanachuoni, na hukumu ya dini utaipata kwa mwenye elimu hiyo. Ninachokiona ni kwamba mpaka aliouweka Nawawi ni mkali na wenye faida hata kwa msomaji asiye Mwislamu. Ukimwambia mumeo kwamba wali umekuwa mzuri ilhali umeungua kidogo kwa siku aliyojaribu kupika, hilo ni la mapenzi. Ukificha pesa ya ada ya watoto, hiyo ni haki ya watu.

Mapazia yako yako wapi? Kwa maoni yangu hayako huku wala kule. Pesa ilikuwa yako ya upatu, kwa hiyo hukumnyima haki. Lakini bei uliyoipunguza haikuwa ya kumfurahisha yeye. Ilikuepusha wewe na mahojiano. Hii ndiyo aina ya uongo iliyo nyingi zaidi majumbani, na ndiyo aina ya Lucy. Haimuibii mtu kitu, ila humfanya anayeisema aishi kama mpangaji katika nyumba yake mwenyewe, akijua kwamba kila risiti ina mahali pake pa kufichwa.

Mwanasaikolojia wa Kimarekani Bella DePaulo na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti ambamo wanafunzi 77 wa chuo na watu wengine 70 waliandika kila siku, kwa wiki nzima, kila uongo waliousema. Wanafunzi walifikia wastani wa uongo 2 kwa siku, wale wengine 1. Walipochambua zaidi, katika kazi iliyofuata mwaka 1998, waligundua kwamba kadiri mtu alivyokuwa wa karibu ndivyo alivyodanganywa mara chache zaidi katika mazungumzo. Hilo linatia moyo. Lakini utafiti wao juu ya uongo mzito ulikuja na picha nyingine, kwamba mwingi wa uongo huo husemwa kwa watu wa karibu kabisa, kwa kuwa hao ndio ambao mtu ana cha kupoteza kwao. Nikiyaweka haya mawili pamoja, sishtuki kwamba umepunguza bei ya mapazia. Ningeshtuka kama ungeniambia kwamba huoni uchungu wowote. Usingizi uliokuruka ni dalili kwamba bado unamhesabu mumeo kuwa wa upande wako.

Nirudi mara moja tu kwenye tamthilia. Baadaye katika sehemu ile Lucy anajikuta kwenye usaili wa waigizaji wa televisheni, na mwisho wake anakuwa msaidizi wa mrusha visu: mgongo kwenye ubao, visu vinaruka kuelekea kwake. Kichekesho cha mwili kama hicho ndicho kilichompa Ball umaarufu. Nimeitazama picha hiyo miaka mingi na kila mara naona kwamba mrusha visu hatakiwi kukosa ubao, na hatakiwi kugusa mwili. Kazi yake yote ni kujua nafasi kati ya vitu hivyo viwili. Lucy wa mezani alikosa ujuzi huo, na waliomhoji hawakuwa nao pia.

Kwa hiyo, Jumamosi. Usilikubali dau kama lilivyowekwa. Mbele ya mawifi zako, kwa mtu mmoja kufungwa na wengine kuhoji, huko ni kurudia meza ya Caroline Appleby, na sioni uwezekano wa jambo jema kutoka humo. Huna haja ya kumkasirikia mumeo pia. Naamini alitania, kama Ricky alivyotania. Mwambie kwamba unaukubali mchezo kwa masharti mawili, kuwa na yeye awemo kwa saa zilezile na kuwa uwe wenu wawili tu, bila pesa na bila watazamaji. Mwanamume anayeitikia hapo kwa moyo mkunjufu atakuwa amekwisha kukujibu maswali mengi. Akisita, usimcheke, maana huenda naye ana mapazia yake.

Ila la mapazia yako lisingoje Jumamosi. Likitoka ndani ya mchezo litakuwa ni pointi uliyofungwa. Lizungumze Ijumaa, au hata leo, baada ya chakula, mkiwa sebuleni mlemle. Na ukisema, sema yote mawili, kwa kuwa bei peke yake ni nusu ndogo ya ukweli. Nusu kubwa ni ile uliyoniandikia mimi na hujamwandikia yeye: kwamba huuliza bei kabla ya kutazama, na kwamba hilo limekufundisha kupunguza. Msemee jambo hilo kwa sauti ya kawaida, bila kukusanya makosa yake mengine ya miaka 7. Atauliza juu ya upatu, na umjibu ni kiasi gani na mnacheza na akina nani. Kama kuna hesabu ambayo mngependa kila mmoja abaki nayo bila kuulizwa, kubalianeni kiasi chake hapohapo. Kiasi mlichokubaliana kutoulizana ni faragha, na mtu hahitaji uongo ili kuilinda.

Nina neno moja la tahadhari, nami nalisema kwa uzito wote. Haya nimeyaandika nikiamini kwamba unachokihofia ni maneno na uso uliokunjamana. Kama unachokihofia ni mkono wake, basi usilizungumze hilo ukiwa naye peke yako. Anza kwa mtu mzima unayemwamini kwenu au kwa dawati la jinsia la polisi lililo karibu, na mapazia yasubiri.

Lakini kama ni uso uliokunjamana tu, uvumilie. Utakunjuka. Na kabla hujataja shilingi 140,000, mwombe kwanza asimame nawe mbele ya dirisha, ayatazame mapazia, aushike na upindo wake kama fundi alivyoushona, na akwambie kama ameyapenda.